Kitanda cha Bunda

Nilikuwa na kitanda cha bure Butiama, nikalipia kitanda Bunda. Kosa lenyewe ni hilo, na ningeweza kuishia hapa. Naendelea kwa sababu nawajua watu wengi wa rika langu, waliokulia Dar es Salaam, wenye kijiji cha baba wanachokitaja zaidi kuliko wanavyokitembelea, ambao hupanga likizo kwenye simu usiku watoto wakishalala. Wanaweza kuteleza palepale nilipoteleza mimi.

Baba yangu alikuwa Mzanaki wa Butiama. Mimi ni Mzanaki wa Tabata. Salamu za kwetu naziweza. Zaidi ya hapo hucheka wenzangu wanapocheka. Dada yake baba anaishi nje kidogo ya Butiama, kwenye mji wenye ng'ombe, mihogo na yale mawe makubwa ya Mara yaliyopandana kila mlima. Ananiita "baba", kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.

Mwaka ule mke wangu na kaka yake walifanya uamuzi ambao kwa watu wa kwao si mdogo. Wao ni Wachaga wa Rombo. Ukiwajua Wachaga unaijua Desemba yao: mabasi ya Moshi yanajaa, magari yanafuatana barabarani usiku na mchana, na mtu mwenye cheo chake mjini anapanda mlimani kwenda kulala katika nyumba ya baba yake, ndani ya kihamba, hata kama ni juu ya godoro la chini. Walikubali kuikosa Rombo Krismasi moja ili waone kwetu. "Kwetu umekuja sana, shemeji," aliniambia huyo kaka yake. "Safari hii tupeleke kwenu." Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi: kuwapeleka kwetu. Nikawapeleka hotelini.

Ilianzia Italia, ambako sijawahi kufika. Nilikuwa nimesoma habari za likizo za mashambani kule, zile wanazoziita agriturismo, zikanikaa kichwani. Waitalia walizitungia sheria mwaka 1985, wakaiandika upya mwaka 2006, na msingi wake ni kwamba anayepokea wageni lazima awe mkulima mwenyewe, na kilimo kibaki kuwa kazi yake kuu. Kwa hiyo mgeni wa Toscana au Piemonte analala katika nyumba ya mawe katikati ya mizabibu, anakula mkate, jibini na mboga za palepale, na akifika Septemba au Oktoba anaweza kujikuta ameshika kikapu anachuma zabibu pamoja na wenyeji. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule mgeni analipa ili apewe jembe. Niliona ni ustaarabu wa hali ya juu.

Nikataka kitu kama hicho, ila Mara. Badala ya mizabibu kungekuwa na ziwa na mbuga. Nikatafuta kwenye simu, nikaipata: loji nje ya Bunda, upande wa barabara inayoelekea geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ikijitambulisha kuwa ya shambani. Picha zilikuwa na kibaraza cha miti, taa za mafuta, sahani ya matunda, na nyumbu kwa maelfu wamejaa uwanda mpaka upeo wa macho. Kwenye ramani Bunda ilikaa vizuri. Kusini kuna Ndabaka, kaskazini kuna Musoma, na Butiama iko huko huko njiani, unaiacha tu barabara kuu na kukata kulia. Nikamwambia mke wangu tutakuwa katikati ya kila kitu. Njia mbili zilimshinda fisi. Mimi nilijitafutia tatu.

Sababu nilizompa mke wangu zilikuwa za busara. Watoto wa shemeji hawajazoea. Kuna mbu. Choo je? Maji je? Zote zilikuwa sababu za nyumba niliyoikumbuka, maana sikuwa nimefika kwa shangazi kwa miaka mingi, na nyumba niliyoikumbuka ilikuwa na choo cha shimo chenye mlango wa gunia na maji ya kubebwa kichwani. Sikumpigia kuuliza kama bado iko vile. Ningepiga simu moja tu.

Lakini hata choo hakikuwa sababu. Nilikuwa naona haya. Shemeji ana nyumba nzuri Rombo, nami nilitaka aondoke Mara akisema kwetu pia ni kuzuri, na kichwani mwangu uzuri ulikuwa kibaraza cha miti na mhudumu mwenye aproni. Nilimwonea haya mwanamke anayeniita kwa jina la baba yake.

Simu niliyompigia ilikuwa ya kumwarifu kwamba tunakuja. Alifurahi. Akauliza, "Mko wangapi?" Nikamtajia. Akauliza watoto wa kike ni wangapi na wa kiume wangapi. Mtu akiulizwa hivyo na shangazi yake anajua kinachohesabiwa ni vitanda. Nilijua. Nikamwambia nitampigia tena, na sikumpigia tena mpaka tulipotua Mwanza.

Loji haikunidanganya, na naomba hilo lieleweke. Picha zilikuwa za kweli. Zilipigwa Juni. Nyumbu wa Serengeti hupita ukanda ule wa magharibi, karibu na Mto Grumeti, kati ya Mei na Julai wakielekea kaskazini. Ile picha nyingine ambayo kila mtu anayo kichwani, ya nyumbu wakijitosa mtoni huku mamba wakingoja, ni ya Mto Mara upande wa Kogatende, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi. Na Desemba wanakuwa njiani kurudi kusini, kwenye nyanda za Ndutu wanakozalia mwanzoni mwa mwaka. Mzungu anayetoka Ulaya huyasoma haya kabla ya kununua tiketi ya ndege. Mimi ni Mtanzania, baba yangu ni wa Mara, kwa hiyo nilidhani nayajua.

Desemba pia ni mwezi wa mvua za vuli. Upande ule udongo ni mweusi, ule wa mbuga, ambao ukilowa hushika gurudumu na hauliachii. Noah tuliyokuja nayo kutoka Mwanza haikufaa kuingia hifadhini, tukakodi Land Cruiser, gharama ambayo sikuwa nimeipangia. Likanasa. Tuliona twiga, pundamilia na viboko, na kwa haki kabisa ni wanyama wa kuonwa. Watoto waliendelea kuuliza nyumbu wako wapi. Mimi ndiye niliyewaonyesha picha.

Na shamba? Ilikuwa mipapai michache na tuta la maua. Mboga zilitoka sokoni Bunda mjini, mayai yalikuwa ya kisasa, yaliletwa kwa trei, na maziwa ya chai yalikuwa ya pakiti, katika mkoa ambao ng'ombe wanasimamisha mabasi barabarani. Huko Italia pasingeruhusiwa kuitwa shamba.

Usiku mmoja tulisikia kelele kutoka vijijini: watu wanapiga makopo, wanapuliza filimbi, tochi zinamulika huku na huku. Shemeji akatoka kibarazani akidhani ni ngoma ya harusi. Mhudumu akatuambia ni tembo. Wametoka hifadhini, wameingia mashambani, na wenye mashamba wanawafukuza. Vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi vinaishi na jambo hilo mwaka baada ya mwaka. Mahindi ya msimu mzima yanaweza kuisha kwa usiku mmoja. Tulisimama pale tukiwa na vikombe vya chai. Mandhari niliyoilipia, usiku ilikuwa zamu ya mtu mwingine. Nilitamani maisha ya shambani, na yalikuwa pale, ng'ambo ya ua, nami nikakaa upande wa loji.

Musoma nayo tuliiharibu kwa ratiba. Ule ni mji wa jioni. Jua likianza kushuka, upepo wa ziwa unaingia, mawe ya Mlima Mukendo yanapoa, na pale Mwigobero unakula sato aliyetoka majini siku hiyohiyo bila mtu kukuharakisha. Sisi tulifika mchana wa jua kali na kufikia saa kumi nikaanza kutazama saa, kwa sababu kitanda chetu kilikuwa Bunda, na barabara ile giza likiingia ina ng'ombe, baiskeli na bodaboda zisizo na taa. Tuliondoka Musoma saa ambayo watu wa Musoma wanatoka nje kupunga upepo.

Ndipo ikaja siku ya Butiama.

Tulianzia Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, kisha makumbusho. Nilijifanya mwenyeji hasa. Niliwaeleza kwamba Mwalimu alizaliwa hapa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito. Kwamba ndiye aliyezitafsiri kwa Kiswahili Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Nikaongeza kwamba tamthilia zote mbili zinaanzia Italia. Italia tena. Shemeji hakuishika Italia. Alishika jambo jingine: kwamba mtu huyu alipong'atuka urais mwaka 1985 angeweza kuishi popote, akarudi kulima kwao, na alipofia London tarehe 14 Oktoba 1999 akaletwa kuzikwa hapahapa. "Alirudi kulala kwao," shemeji alisema. Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani anamsifu Mwalimu.

Tulifika kwa shangazi kama saa tisa alasiri. Vigelegele vilianza kabla Noah haijasimama. Majirani walikuwepo, kina mama wa jikoni walikuwepo, na wajukuu wa shangazi, vijana wenye nguvu, walikuja mbio upande wa nyuma wa gari. Nilidhani wanakuja kusalimia. Walikuja kubeba mizigo. Mmoja akafungua mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na katoni ya maji ya kunywa na mwavuli.

Kijana yule alitazama ndani ya gari, akanitazama mimi, akatazama tena ndani, kama anayedhani hajaona vizuri. Kisha akaibeba ile katoni ya maji, kwa sababu alitumwa kubeba na hakutaka kurudi mikono mitupu. Aliipeleka mpaka kwa shangazi. Shangazi akauliza, bila hasira yoyote, "Mizigo iko wapi, baba?"

Nikasema iko Bunda.

Hakujibu. Alitushika mikono mmoja mmoja, akapokea shikamoo za watoto, akatuingiza ndani, na kwa kuwa ilikuwa imeshapangwa hivyo, akatuonyesha vyumba. Nadhani hakujua afanye nini kingine. Kimoja cha wanaume, kimoja cha wanawake, kimoja cha watoto. Vyandarua vipya vimefungwa. Mashuka yananukia sabuni. Magodoro hayakufanana hata moja, na mtu yeyote aliyekulia Tanzania anajua maana yake: yameazimwa kwa majirani, na majirani wale wote walikuwa wamesimama uani wakitungoja tutoke. Nyumba ilikuwa ya bati na sakafu ya saruji. Bomba lilikuwa uani. Choo kilikuwa na vigae.

Tukatoka kukaa chini ya mti. Kulikuwa na kuku, ugali wa muhogo na mtama, mlenda, maziwa mgando kwenye kibuyu. Watoto wa shemeji, walewale ambao hawajazoea, walikuwa zizini na vijana wakifundishwa jinsi ya kumkaribia ng'ombe bila kupigwa teke. Mtoto wangu mkubwa alipewa kisu amenye muhogo na bibi asiyemjua. Hakuna aliyeuliza nyumbu wako wapi. Kila kitu nilichosoma katika zile habari za Toscana kilikuwa pale: mkulima mwenyewe, nyumba yake, chakula kilichotoka hatua chache kutoka kwenye kiti nilichokalia, na kazi kwa anayeitaka. Nilikuwa nimekilipia mahali ambapo hakikuwepo.

Shemeji aliinama kunong'oneza, ingawa mke wangu alisikia na huenda na shangazi alisikia. "Shemeji, kwa nini hatulali hapa?"

Nikaanza: watoto, mbu, choo. Nilipofika kwenye choo nikanyamaza, maana alikuwa ametoka chooni dakika hiyo.

Akasema, "Rombo mtu akija Desemba akalala hoteli, ukoo unamwitia kikao."

Ungeuliza, kwa nini basi hatukulala? Hata hili nililikosea. Nguo, dawa za mtoto mwenye pumu na chaja zote zilikuwa Bunda, vyumba vilikuwa vimelipiwa, na fedha hairudi. Ningeweza kumtuma dereva. Nilihesabu fedha. Jua lilipoanza kuinama nikasimama kuaga, na shangazi, ambaye hakuwa amenilaumu kwa neno hata moja, alitufungia kuku aliyebaki kwenye hotipoti na akasema barabara ni mbaya usiku, tuwahi.

Hasara naitaja kama ilivyo. Fedha ya vyumba ilikwenda, pamoja na ya Land Cruiser. Siku nzuri za likizo tulizimaliza ndani ya Noah, kati ya Bunda na mahali tulipotaka kuwa. Magodoro yalirudishwa kwa majirani bila kulaliwa, na habari ikarudi nayo. Mwaka uliofuata tulikuwa na msiba huko. Nilifika asubuhi na mapema, nikaenda moja kwa moja kwa vijana waliokuwa wanapasua kuni. Kuna mtu alinishika mkono kwa adabu kubwa, akanipeleka chini ya turubai, akanipa kiti cha plastiki na soda. Wenzangu wa ukoo walikuwa wanachimba kaburi. Nilikunywa soda.

Sasa hivi, mtu akiniomba ushauri wa pa kulala mkoa wa Mara, sianzi na picha. Namuuliza anakwenda kufanya nini. Kama ni wanyama, namuuliza mwezi gani, kisha namwambia akae karibu na geti la Ndabaka asiwaze kingine. Kama ni ziwa na samaki, alale Musoma mjini apate jioni zake, na watoto wasiogelee popote wanapoona maji, maana ziwa lina kichocho na sehemu nyingine lina mamba. Kama ni historia ya Mwalimu, aende Butiama asubuhi bila haraka. Namwambia pia apige simu, asikie sauti ya mtu, aulize maji yanatoka wapi, kama gari linaingia mvua ikinyesha, na chakula kinaagizwa saa ngapi. Loji inayojiita ya shamba, aulize wanalima nini mwezi huu. Mkulima hujibu papo hapo.

Kisha namuuliza kama ana ndugu huko. Akisema anaye, namwambia asiniulize mimi, ampigie yeye kwanza, na akiulizwa mko wangapi, aseme ukweli wote.

Mimi mwenyewe nilipiga mwaka huu, mwezi wa kumi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nikajikuta nasema tu, shangazi, Desemba tunaomba kuja kulala. Kimya kidogo, kisha sauti yake, kavu kabisa: "Na chai ya asubuhi mnataka iwemo kwenye bei?"

Nikamwambia sukari nakuja nayo.